Kuanza kazi na chenso mpya ya kupasulia mbao ngumu

"Shikamoo fundi. Sisi ni kikundi cha watu wanne, tuko mkoa wa Lindi, na kijiji chetu kina msitu wake wa hifadhi. Tumepata kibali cha kuvuna mninga na mkongo, tukachangishana, tukanunua chenso mpya ya cc 72 yenye upanga wa sentimita 63. Tuliinunua Njombe. Muuzaji aliiwasha mbele yetu, akaiseti, ikanguruma vizuri. Tangu tufike nayo nyumbani hatujaitumia, maana kila mtu anasema lake. Mzee mmoja aliyepasua mbao miaka mingi anasema tuiwashe ingurume bila kazi kutwa nzima ndipo tuingie nayo porini. Mwingine anasema tuzidishe oili kwenye petroli kwa tangi kumi za mwanzo. Kwenye mnyororo wenzetu wanatia oili chafu ya magari, na wengine wanamwagia upanga maji ukipata moto. Majirani zetu walinunua mashine kama hii ikajamu kabla ya wiki mbili. Hela yetu yote iko humo. Tufanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu. Mmefanya vizuri kuuliza kabla ya kuingia porini, kwa sababu baada ya mashine kujamu fundi hana cha kukushauri zaidi ya bei ya silinda na pistoni. Naona kinachowasumbua hasa ni hiyo ya jirani: ilikufa kwa sababu ilikuwa mpya na haikulainishwa, au kuna jambo lingine? Sijaiona, kwa hiyo siisemei. Ninachoweza kusema ni kwamba chenso zinazoletwa kwa fundi zikiwa zimejamu mapema kwenye kazi ya kupasua huwa na sura moja. Ukitoa eksozi ukachungulia ndani, unaona pistoni imechubuka upande huohuo wa eksozi, ringi zimenata, na mnyororo ulioletwa pamoja na mashine ni butu kabisa. Mashine ya namna hiyo imekufa kwa joto. Upya ulichangia kidogo tu. Kwa hiyo nitawaeleza namna ya kuianza, lakini sehemu kubwa ya jibu langu ni kuhusu joto hilo na mahali linapotoka.

Tuanze na injini yenyewe. Pikipiki ya bodaboda ina oili yake chini, inazunguka humo na kulainisha kila kitu, petroli ikiwa na njia yake pembeni. Chenso haina kitu hicho. Oili yake yote inakuja ndani ya petroli: mchanganyiko unapita kwenye kabureta, unaingia chumba cha krenki, unalowesha bearing na kuta za silinda, kisha unapanda juu kuungua. Petroli ikiingia baridi inapoza pia. Sasa fikiria mchanganyiko umekuwa mkavu, yaani hewa nyingi na petroli kidogo. Oili imepungua, upoozaji umepungua, na moto unaowaka ndani umekuwa mkali zaidi, vyote kwa wakati mmoja. Pistoni ya aluminiamu inatanuka haraka kuliko silinda, utando wa oili unakatika, na upande wa eksozi ambako kuna moto zaidi ndiko inakoanza kuchubuka. Inaweza kutokea ndani ya mkato mmoja mrefu, na dakika moja kabla ya hapo mashine huwa inasikika kali na nyepesi, unadhani leo imeamka vizuri.

Hapo ndipo ushauri wa kuiwasha kutwa nzima unapokwama. Ringi mpya hazijakaa sawasawa kwenye ukuta wa silinda. Kinachozikalisha ni mgandamizo wa gesi unaozisukuma nje dhidi ya ukuta, na mgandamizo huo unapatikana mashine ikiwa inafanya kazi. Ikinguruma tu kwenye silensa, yaani mzunguko wa chini bila kubana mafuta, mgandamizo ni mdogo, moto ni mdogo, oili haiungui vizuri, na mnaishia kuwa na masizi kwenye plagi, kwenye mlango wa eksozi na juu ya pistoni. Ringi ziko vilevile zilivyotoka kiwandani na petroli ya siku nzima imekwenda na upepo. Mzee wenu msimdharau, lakini. Wapasuaji wa umri wake wengi walijifunzia mashine kubwa za zamani, Stihl 070 ya karibu cc 106 na nyingine za aina hiyo: nzito, za mzunguko wa polepole, zinazosamehe mengi. Na kuna kitu cha kweli ndani ya maneno yake, kwamba mashine mpya isikimbizwe.

Vitabu vya watengenezaji vinasema hivi, na mimi sina cha kuongeza: tangi tatu za kwanza usibane mafuta hadi mwisho mashine ikiwa haikati kitu. Katika kipindi hicho sehemu zinazosuguana bado zinazoeana, msuguano ni mkubwa, na kuipiga resi hewani ni kuizungusha kwa kasi ya juu kabisa bila mzigo wa kuizuia. Nguvu yake kamili itakuja baada ya tangi 5 hadi 15. Msishangae mkiiona nzito wiki ya kwanza, na msikimbilie kuchezea skrubu za kabureta mkidhani ina kasoro.

Kwa hiyo tangi hizo tatu zitumieni kwa kazi ya kawaida. Kateni matawi, kateni magogo kwa urefu mnaoutaka, anzeni na mti laini: mwembe uliokauka, mkorosho mzee, chochote kilicho karibu na nyumba. Mashine ipate moto, ibebe mzigo wa wastani, ipumzike, irudi tena. Msiingie kwenye kupasua mkongo na tangi la kwanza. Kukata gogo kwa kukingama ni sekunde chache za mzigo kisha unaachia. Kupasua ubao wa mita mbili ni dakika kadhaa za mzigo kamili mfululizo, kazi ngumu kuliko zote chenso inazopewa. Baada ya tangi tatu anzeni kupasua vipande vyembamba vya mninga, na mkifika tangi la sita au la saba nendeni kwenye kazi yenyewe. Kila mkimaliza mkato mrefu, iacheni ingurume kwenye silensa nusu dakika hadi dakika moja ndipo mzime. Feni ya upoozaji inazunguka pamoja na injini. Ukiizima ghafla ikiwa na moto wote, joto linabaki limekaa ndani ya silinda na kupanda hadi kwenye kabureta.

Kuna jambo moja katika maelezo yako lililonishtua kuliko yote, na wewe umelitaja kama jambo jema: muuzaji aliiseti Njombe. Njombe iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Fundi anayejua kazi yake akiiseti chenso yenye skrubu za kabureta mahali pale, atapunguza petroli ili ilingane na hewa hiyo kidogo. Ikanguruma vizuri mbele yenu, sawa. Mkaishusha hadi Lindi, karibu na bahari, hewa ni nzito, petroli ni ileile kidogo. Huo ndio mchanganyiko mkavu niliousema, na mmebeba mashine mpya iliyokaushwa mnataka kuiingiza kwenye mkongo. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyo. Huenda muuzaji hakugusa chochote, au mashine yenu ni ya zile za kisasa zinazojirekebisha zenyewe kwa umeme na hazina skrubu ya kugusa. Lakini kabla ya tangi la kwanza, fundi wa huko huko pwani aiangalie.

Mwambieni aiseti skrubu ya H, ile ya petroli ya mzunguko wa juu, upande wa petroli nyingi kidogo, kwa sababu kazi yenu ni kupasua. Mashine iliyosetiwa hivyo, ikibanwa hadi mwisho bila mzigo kwa sekunde mbili tatu, inatoa sauti ya kukwaruza, kama inajikwaa. Ikiingia kwenye mti sauti inanyooka. Ikipiga kelele nyembamba na safi hata bila mzigo, ni kavu. Fundi mzuri hutumia kipima mizunguko na kulinganisha na kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye kitabu, wala hategemei sikio peke yake. Jaribio hili lifanywe mashine ikiwa imeshapata moto na kichujio cha hewa kikiwa safi, na kwa kuwa ni mpya, lisirudiwerudiwe.

Sasa oili. Someni kitabu cha mashine yenu kabla ya kunisikiliza mimi. Kwa ujumla watengenezaji wakubwa wanakubali sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili ikiwa ni oili yao wenyewe, yaani mililita 100 kwenye dumu la lita 5. Stihl wanasema ukitumia oili ya kampuni nyingine ya mashine zinazopozwa kwa hewa, nenda 25 kwa 1, mililita 200 kwa lita 5. Husqvarna kwa oili nyingine wanasema 33 kwa 1. Hiyo ndiyo mipaka. Anayewaambia mzidishe kupita hapo anaamini oili zaidi ni usalama zaidi, na hesabu inamkatalia: kabureta inapitisha ujazo uleule wa maji maji, kwa hiyo kila oili inayoongezeka inachukua nafasi ya petroli. Mchanganyiko unakuwa mkavu kidogo zaidi, masizi yanaongezeka, ringi zinanata kwenye mifereji yake. Mnakuwa mmeikaribisha hatari mliyokuwa mkiikimbia.

Aina ya oili ni jambo zito zaidi ya kiasi, hasa kwenu. Huko pwani, oili ya 2T, yaani ya kuchanganya na petroli, mnayoweza kukutana nayo kirahisi ni ile ya mashine za boti, na chupa yake imeandikwa TC-W3. Msiitie kwenye chenso. Imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari saa zote, ambayo haifiki kwenye joto la silinda ya chenso. Mvuvi atakuambia yeye anaitumia kila siku na mashine yake haina neno, na anasema kweli, kwa mashine yake. Nyinyi tafuteni 2T iliyoandikwa ni ya mashine za kupozwa kwa hewa. Kwenye chupa kutakuwa na alama ya JASO FB, FC au FD, au ISO EGB, EGC, EGD. Oili ya injini ya gari au ya bodaboda za siku hizi nayo haifai kuchanganywa na petroli.

Pimeni kwa kopo lenye alama za mililita au bomba la sindano kubwa, achaneni na hesabu ya vizibo. Dumu liwe la petroli tu; lililokuwa na mafuta ya kula lina mabaki hata likioshwa. Tikiseni kila kabla ya kujaza tangi, maana oili hutuama. Changanyeni ya siku chache, na iliyopita mwezi msiitie kwenye mashine. Na petroli ya kwenye chupa za maji barabarani, hiyo waachieni wenye haraka.

Nimefika kwenye mnyororo, na hapa nitakaa kidogo. Mnyororo butu unaua injini kuliko makosa mengine yote ya mpasuaji. Mnyororo wenye makali unajivuta wenyewe ndani ya mti. Mkono wako unaongoza tu. Ukiwa butu, unaanza kuusukuma. Ukiusukuma, mzunguko wa injini unashuka wakati mafuta yamebanwa hadi mwisho, feni nayo inazunguka polepole, hewa ya kupoza inapungua pale pale joto linapozidi. Mkato uliokuwa wa dakika tatu unakuwa wa dakika nane. Chini, upanga unasugua, unabadilika rangi kuwa wa buluu, oili ya mnyororo inaungua na kutoa moshi. Mtu anauona moshi, anamwaga maji. Maji yanaondoa oili kidogo iliyokuwa imebaki, kinachofuata ni chuma juu ya chuma. Upanga unaohitaji maji unawaambia mnyororo unahitaji tupa, au njia ya oili imeziba.

Kupasua kunamaliza makali haraka kwa sababu jino linakutana na nyuzi za mti kwa vichwa vyake, tangu mwanzo wa gogo hadi mwisho. Mkongo ni mgumu, mninga una huruma zaidi. Siku mkipata mvule, jihadharini na mawe yake. Mti huo huwa na vipande vya chokaa ndani ya mwili wake, haumtishi mtu kwa nje, na jiwe moja linaharibu mnyororo mzima kwa nukta moja. Mchanga wa pwani unafanya vivyo hivyo polepole. Gogo lililoburutwa lina mchanga kwenye magamba. Chukueni panga au shoka, ondoeni magamba kwenye mstari mtakaopita, hata kama ni kazi ya kuchosha. Gogo lisilale chini. Liinueni juu ya vipande vya magogo ili ncha isiguse ardhi mwishoni mwa mkato.

Noeni kila mnapojaza tangi, bila kusubiri dalili. Tupa ya duara yenye kipenyo kinachotajwa kwenye boksi la mnyororo; kwa mnyororo wa inchi 3/8, ambao ndio wa kawaida kwa mashine ya ukubwa wenu, mara nyingi ni milimita 5.2. Miondoko miwili mitatu kwa kila jino, ya kusukuma mbele tu, upande mmoja wote kwanza kisha mwingine. Meno yawe na urefu sawa. Upande mmoja ukiwa mrefu, mkato unapinda na ubao unakuwa na unene tofauti huku na huku, na mteja ataukataa hata kama mninga wenyewe ni wa daraja la kwanza. Kila baada ya kunoa mara nne au tano, pimeni kile kidole kilicho mbele ya jino: kiwe chini ya makali kwa milimita 0.65. Hapa wengi wanajiumiza. Wanakishusha sana wakitaka jino liume zaidi, na kwenye mti mgumu jino linauma kupita kiasi, mashine inarukaruka, klachi inateleza na kuungua. Mti mgumu unataka kuumwa kidogo kidogo kwa makali mazuri.

Dalili za ubutu angalieni kwenye unga. Kama upanga mnaulaza kwa mshazari kwenye urefu wa gogo, kama wafanyavyo wengi wanaopasua kwa mkono, lazima mwone vinyweleo na vipande vyenye urefu. Vikianza kugeuka vumbi la unga, simameni. Mkitumia fremu inayopitisha upanga moja kwa moja kutoka kichwa hadi kichwa, unga wake siku zote ni mwembamba, kwa hiyo hapo tazameni kasi na mkono wenu: mkianza kusukuma, umekwisha.

Mtasikia kuhusu mnyororo maalumu wa kupasulia, ambao makali yake yamelazwa digrii 10 wakati wa kawaida ni digrii 30 hivi. Ni mzuri. Unaacha uso laini na hauivuti mashine pembeni. Ila msiuahirishie kazi kama haupatikani mjini kwenu. Mnyororo wa kawaida unapasua, na mnaweza kuupeleka taratibu kuelekea digrii 10 kila mnaponoa, badala ya kula nusu ya jino siku moja. Chagueni wenye meno ya kona za mviringo kuliko wa kona kali. Haukati haraka sana, lakini unavumilia mchanga na mti mgumu. Na nunueni minyororo mitatu au minne. Mmoja ukichoka porini mnafunga mwingine, mnanoa jioni mkiwa mmekaa, kwenye mwanga, bila haraka. Mnyororo mpya hulegea saa za mwanzo, kazeni mara kwa mara ukiwa umepoa: ukae umelala vizuri chini ya upanga na bado uvutike kwa mkono wenye glavu.

Oili chafu ya magari muiache. Najua ni ya bure. Imebeba chembe za chuma kutoka kwenye injini ilikotoka, tindikali na masizi. Inaziba pampu ndogo ya oili ya mnyororo na kusugua upanga kutoka ndani. Tena inarushwa kama ukungu usoni na mikononi mwenu siku nzima, na oili ya injini iliyotumika ina vitu vinavyosababisha saratani ya ngozi kwa mtu anayeigusa miaka. Tafuteni oili ya mnyororo yenyewe, ina unato ili isiruke ikifika nchani. Ikikosekana, oili mpya ya injini ni afadhali mara mia. Mafuta ya alizeti pia yanalainisha wakati wa kazi, ila mashine ikikaa nayo wiki mbili yanaganda kama gundi. Jaribio la kila asubuhi: elekezeni ncha ya upanga kwenye kisiki cheupe au karatasi, pigeni resi kidogo, mstari wa oili uonekane. Tangi la petroli likiisha, la oili nalo liwe limekaribia kuisha. Mkilikuta limejaa, mnyororo ulikuwa unakimbia mkavu.

Nisiwafiche kuhusu ukubwa wa mashine. Cc 72 ni ya kutosha kwa mninga wa upana wa sentimita 30 hadi 40, mkienda bila pupa. Mkongo wa sentimita 60 kwa mkato mmoja si kazi yake. Huko watu huenda na cc 90 kwenda juu. Mnachoweza kufanya ni kulipasua gogo katikati kwanza, mkitumbukiza kabari nyuma ya upanga ili mti usiubane, kisha kila nusu mkaigawa tena. Mkato wa katikati utakuwa mgumu, upeni mapumziko mara mbili tatu. Baada ya hapo kila mkato ni mwembamba na mashine inapumua.

Mkiwa kwenye hesabu, hesabuni na unga. Mnyororo unakula karibu milimita 9 kila unapopita. Mbao kumi za milimita 25 zina mikato tisa katikati yake, milimita 81, sawa na mbao tatu zilizogeuka vumbi. Msumeno wa utepe unakula kama milimita 3, yaani mikato ileile tisa inapoteza ubao mmoja tu. Kwa mti wa bei ya mninga na mkongo hiyo ni hela nyingi. Kama kuna mwenye mashine ya utepe mnayeweza kufikiana naye, tumieni chenso kuangusha, kukata urefu na kutoa mihimili minene ya mraba, mbao nyembamba zikachanwe kwake. Kama hakuna, au njia ya kutoka msituni haiwezekani kwa mizigo mizito, pasueni palepale. Mihimili na mbao nene za milimita 50 ndizo zinazolipa kwa chenso. Mfanye hesabu hiyo kabla ya kuangusha mti wa kwanza, na ofisa misitu awaambie mapema ni kwa namna gani mazao yatapimwa na kupewa hati ya kusafirishia.

Usafi wa kila jioni ni wa dakika kumi na tano. Kichujio cha hewa kitolewe, kipigwe taratibu, kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikauke kabisa. Kuweni na cha pili cha kubadilishana. Mbavu za silinda zipigwe brashi, maana unga wenye oili ukizijaza ni kama kuivika injini koti. Mfereji wa upanga ukwanguliwe, upanga ugeuzwe juu chini kila siku ili ulike sawa pande zote, na tundu la oili lizibuliwe. Gia inayozungusha mnyororo ikilika kwa kina cha nusu milimita, au minyororo miwili ikiisha juu yake, ibadilisheni. Gia iliyolika inaharibu mnyororo mpya siku ileile.

Miili yenu pia. Unga wa mbao hizi unawasha macho na kifua, kwa hiyo barakoa na miwani. Viziba masikio ni lazima, kelele yake inapita desibeli 100. Msipasue kwa robo ya juu ya ncha ya upanga, hapo ndipo mashine hurukia uso wa mtu. Suruali nene, viatu vya kufunika vidole, na asiingie mtu porini peke yake na chenso. Mko wanne, pokezaneni kila tangi. Mmoja wenu vidole vikianza kufa ganzi au kuwa vyeupe baada ya kazi, apumzike na aende kituo cha afya, kwa sababu mtetemo huharibu mishipa na ukiendelea haiponi tena.

Na kuna siku za kuacha kusoma majibu ya watu kama mimi mkaibeba mashine hadi kwa fundi. Mkiachia mafuta na injini ikakataa kushuka, au ikapanda yenyewe, kuna mahali inavuta hewa: izimeni sekunde hiyohiyo, vuteni choku kama swichi haifanyi kazi, na msiiwashe tena mpaka ipimwe kwa presha. Mnyororo ukizunguka mashine ikiwa kwenye silensa, silensa iko juu au springi ya klachi imeisha. Ni hatari kwa miguu yenu. Ikipoteza nguvu kila ikipata moto na kurudi ikipoa, eksozi itolewe pistoni itazamwe. Ndani ya muda wa dhamana msifungue wenyewe hata skrubu ya eksozi. Ipelekeni na risiti kwa wakala. Kwa sasa safari yenu ya kwanza ni moja: fundi wa Lindi mwenye kipima mizunguko, aangalie ile seti ya Njombe, kabla petroli haijaingia kwenye tangi kwa ajili ya kazi.